Kulala Mwanza kwenye hoteli ndogo: toka kubuku chumba mpaka kufunga boksi la samaki

Ukimwambia mtu wa makamo wa Mwanza kwamba "nimefikia hotelini", usishangae akikuuliza umekula nini. Kwa wengi wetu hoteli bado ni mahali pa chai na maandazi. Pa kulala ni gesti, na siku hizi loji. Halafu kuna hizi nyumba nyingine, zenye vyumba sita, kumi au kumi na viwili, zilizojengwa katikati ya mawe ya Capri Point, Isamilo na Bwiru, au kando ya maji ya Ziwa Victoria kuelekea Luchelele. Wenyewe huziita hoteli butiki, neno ambalo kwetu ni duka la nguo. Mwongozo huu ni wa hizo.

Nianze na jambo lililonigharimu kabla sijalielewa. Hoteli ndogo ni nyumba ya mtu inayotoa risiti. Mpishi ni mmoja, dada wa mapokezi huyohuyo ndiye anayekuletea chai, na samaki utakayemla jioni bado yuko sokoni au majini saa unayoamka. Ukiingia pale kama unaingia hoteli ya ghorofa kumi utakasirika tangu siku ya kwanza. Ukitoa taarifa mapema, karibu kila kitu kinawezekana.

Hatua ya 1: Chagua mlima kwanza, hoteli baadaye

Mwanza imekaa juu ya mawe. Mawe yako milimani, yako ziwani, na mengine yamo ndani ya kuta za nyumba za watu. Kwa hiyo kinachoamua usingizi wako ni upande gani wa jiwe umelala, kuliko idadi ya nyota za hoteli.

Capri Point ni rasi iliyo jirani kabisa na katikati ya mji. Jiwe la Bismarck, lile linaloonekana kwenye kila picha ya Mwanza, liko karibu, na bado linabeba jina la yule kansela wa Ujerumani tangu enzi za Wajerumani waliofanya hapa kituo chao cha utawala mwaka 1892. Ni mtaa wa utulivu, una miti, na unaweza kushuka mjini kwa miguu. Kama ni mara yako ya kwanza, fikia huku.

Isamilo iko juu zaidi. Kwenye mnara wa saa pale mjini kuna maandishi yanayokumbusha kuwa Mwingereza John Hanning Speke aliliona ziwa kutoka Isamilo tarehe 3 Agosti 1858. Wasukuma waliokuwa wakivua humo hawakuwa wanasubiri aje alione, lakini mandhari aliyoiona bado ipo, na ukiwa na chumba cha juu unaipata kwa bei ya usiku mmoja. Ubaya wa Isamilo ni mlima wenyewe: kila unaposhuka, jua kuna kupanda.

Bwiru na upande wa Ilemela ni mbali kidogo na mji, lakini ni kimya na karibu zaidi na uwanja wa ndege. Luchelele, kule kusini, ni kwa wanaotaka mchanga na maji na hawana shughuli mjini. Kirumba na katikati ya mji sikushauri kwa usingizi, labda uwe na safari ya alfajiri. Baa, jenereta za maduka, adhana na mkesha wa kanisa vyote vinakutana dirishani kwako, na hakuna mwenye kosa.

Jambo moja la kuangalia kwenye picha: kama jengo linaonekana kuchovya miguu majini, uliza limejengwa lini. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Na ziwa lenyewe lina namna yake ya kukumbusha mipaka. Mwaka 2020, na tena 2024, maji yalipanda kuliko kawaida yakaingia kwenye bustani na baraza za watu. Vyumba vya chini vilivyowahi kuogelea huwa na harufu ya unyevu ambayo rangi mpya haiifichi kwa muda mrefu.

Hatua ya 2: Tazama mwezi kabla ya kutaja tarehe

Watu huangalia mvua, na ni sawa: masika ni Machi hadi Mei, vuli huanza karibu na Oktoba na kuishia Desemba, na Juni hadi Agosti ni kukavu. Mimi huangalia na mwezi.

Sababu ni dagaa. Wavuvi wa dagaa huwavuta kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola au betri. Mwezi ukiwa mpevu, taa haina nguvu, kwa hiyo mitumbwi mingi hupumzika. Ukiwa giza, hutoka. Basi ukilala chumba cha juu kinachotazama ziwa wazi katika siku za giza, anga likiwa safi, utaona mstari wa taa kwenye maji usiku kucha, kama mji mwingine umehamia ng'ambo. Sijaona hoteli inayolitangaza hilo, na ndilo jambo zuri kuliko yote waliyonayo.

Machweo nayo yana hesabu yake. Ghuba ya Mwanza iko magharibi mwa mji, hivyo jua hushuka juu ya maji na kupotelea nyuma ya vilima vya Sengerema. Ukitoka Dar, ongeza kama dakika 25 kwenye mazoea yako: huku jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi na saa moja na dakika kumi, kutegemea mwezi. Nimeona wageni wakikaa barazani saa kumi na mbili kasoro, wakachoka, wakaenda kuoga, wakakosa.

Kuna pia msimu wa wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi. Hawaumi. Lakini wakivutwa na taa yako wanaingia kwa maelfu, na asubuhi unawafagia. Dawa yake ni kuzima taa ya nje na kufunga dirisha lenye wavu mzima.

Hatua ya 3: Piga simu

Hata kama umebuku kwa intaneti, piga. Picha za mtandaoni zilipigwa siku hoteli ilipofunguliwa, na mtu aliyezipiga alipanda juu ya kitu.

Nilijifunza hivi. Nililipia chumba kinachotazama ziwa, nikafika usiku, asubuhi nikafungua pazia nikakuta bati la jirani, simtanki, na kwa mbali kipande cha buluu chenye upana wa kanga iliyokunjwa. Hawakuwa wamenidanganya. Ziwa lilionekana. Tangu hapo mazungumzo yangu na mapokezi huenda hivi:

"Habari za kazi, dada."

"Salama kaka, karibu."

"Kile chumba cha juu, ziwa linaonekana nikiwa kitandani?"

"Linaonekana, kaka."

"Nikiwa nimelala?"

Kimya kidogo. "Ukisogea dirishani linaonekana vizuri zaidi."

Hapo umeshapata jibu lako, na bila ugomvi. Endelea kuuliza: Maji ya moto ni ya hita ya chumbani au ya sola? Umeme ukikatika jenereta inawashwa saa ngapi, na inazimwa saa ngapi? Maana ziko hoteli zinazozima saa sita usiku, na feni ikisimama ndipo utajua jiwe lililo nyuma ya chumba limekusanya joto la mchana kutwa na sasa linalirudisha. Chai ya asubuhi imo kwenye bei, na ni ya mtu mmoja au wawili? Barabara ya kufika getini ni ya lami, au gari dogo linaishia njiani?

Bei itajwe kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza kutangaza au kutoza bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo akikutajia dola, mwombe kwa upole akutajie shilingi, na uhakikishe kama kodi imeshajumlishwa.

Wakitaka malipo ya awali, lipa kwa lipa namba na usome jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. Likiwa jina la hoteli au la kampuni yao, sawa. Likiwa jina la mtu binafsi, kata, piga tena ile namba ya mapokezi na uulize huyo ni nani. Wakati mwingine ni mwenye nyumba kweli. Uliza tu.

Hatua ya 4: Kufika

Uwanja wa ndege uko kama kilomita 10 kaskazini mwa mji. Mabasi ya Dar, Dodoma na Shinyanga hushusha stendi ya Nyegezi, upande wa kusini; ya Musoma na Simiyu hushusha Nyamhongolo. Wanaotoka Bukoba na Geita walizoea kupanga foleni ya kivuko pale Busisi, wakati mwingine kwa saa nyingi. Tangu Juni 2025 wanapita juu ya daraja la kilomita 3 kutoka Busisi hadi Kigongo, na safari iliyokuwa ya kubahatisha sasa unaweza kuipangia saa.

Dereva wa bajaji huenda asijue jina la hoteli yenye vyumba vinane. Mtajie jirani maarufu, shule, kanisa au ofisi, kisha mpigie dada wa mapokezi umpe dereva simu waongee wenyewe. Bodaboda hufika popote, ila kwa mlima wa Isamilo ukiwa na begi kubwa mgongoni, hapana.

Hatua ya 5: Kitabu cha wageni, salamu, kisha chumba

Utapewa kitabu cha wageni: jina, umetoka wapi, unakwenda wapi, kazi, namba ya kitambulisho, na kwingine bado kuna safu ya kabila. Jaza. Ni utaratibu wa kawaida na hakuna anayekushuku.

Salimia vizuri, na usimruke mlinzi. Asubuhi kwa Kisukuma ni "Mwangaluka", mchana na jioni "Mwadila". Kwa mama mtu mzima ongeza "mayu". Matamshi yako yatachekesha, na kicheko hicho kitakufungulia geti saa sita usiku bila kukunjiwa uso. Kama mwenye nyumba ni mzee na anakaa palepale, shikamoo haikwepeki, hata kama wewe ndiye unayelipa.

Sasa chumba. Kabla ya kufungua begi, jaribu mambo haya ukiwa na mhudumu: washa hita (swichi yake mara nyingi iko nje ya bafu, juu ya mlango), fungua bomba uone nguvu ya maji, nyanyua chandarua mbele ya taa utafute matundu, funga mlango kwa ufunguo ukiwa ndani. Ukiona kasoro, omba kubadilishiwa muda huohuo. Mhudumu hana tatizo na mgeni anayehama saa kumi jioni. Mwenye shida ni yule anayehama saa tano usiku huku ameshatandika nguo zake kwenye viti vyote.

Mijusi wakubwa wenye vichwa vyekundu na miili ya buluu juu ya mawe ya nje ndio wenyeji wa hapa, jina lao la kisayansi limechukua jina la mji: Agama mwanzae. Hawana neno na mtu. Pimbi nao hupita. Ila usiache ndizi barazani.

Hatua ya 6: Agiza chakula cha jioni wakati unakunywa chai

Hapa ndipo wageni wengi huharibikiwa. Wanarudi saa mbili usiku wana njaa, wanaagiza sato, wanasubiri saa moja na nusu, wanaandika malalamiko. Sato mzima wa kuchoma haivi kwa dakika kumi na tano tu popote duniani, na katika hoteli ya vyumba vinane hayupo jikoni akikusubiri. Sema asubuhi: "Mama, leo jioni saa moja na nusu, sato wa kuchoma, wa watu wawili, na ugali." Atatumwa mtu sokoni, au mpishi atampigia mvuvi wake, na jioni utakula samaki ambaye asubuhi yake alikuwa bado anaogelea.

Kama una mashaka, omba kumwona kabla hajapikwa. Macho yawe angavu, mashavu ya ndani yawe mekundu, nyama ukiibonyeza irudi. Hakuna anayeudhika, mpishi mzuri hupenda mteja anayejua.

Sato au sangara? Sangara alipandikizwa ziwani humu miaka ya 1950, akawamaliza furu wengi, wale samaki wadogo wa asili, na minofu yake hupanda ndege kwenda nje. Ni samaki mwenye mafuta na nyama nene, hana miba midogo ya kukusumbua, mzuri kwa watoto. Mimi ni mtu wa sato. Ana miba, anataka mikono na muda, na haelewani na mtu anayekula huku anatazama simu. Ugali uwe wa dona au wa muhogo, kachumbari iwe na pilipili pembeni, na ndimu iwe mbichi. Hoteli nyingine hukuletea na chipsi kwa kudhani mgeni ndicho anachotaka. Kataa mapema.

Chai ya asubuhi ndiyo kipimo changu cha hoteli. Mayai na mkate wa boksi utavipata popote. Uliza kama wanaweza kukupatia matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa, au viazi vya kawaida na karanga na maziwa mgando. Mara nyingi dada wa mapokezi atacheka, atasema "kumbe unakula hivi?", na kesho yake vitakuwepo, kwa sababu ndivyo wanavyokula wao jikoni.

Hatua ya 7: Siku ukiwa huko nje

Asubuhi na mapema nenda Mwaloni, Kirumba, soko la dagaa na samaki wakavu linalolisha mpaka Kongo na Burundi. Vaa viatu vya kufunika, nguo ambayo haitaki heshima, na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Mchana pita Makoroboi, mtaa uliopewa jina kutokana na vitaa vya mafuta vilivyokuwa vikifuliwa hapo na mafundi wa vyuma chakavu. Nyumba za zamani za wafanyabiashara wa Kihindi zilizo katikati ya mji zinatazamwa vizuri zaidi Jumapili, meza za wamachinga zikiwa chache.

Kisiwa cha Saanane kiko dakika chache kwa boti kutoka Capri Point. Kilikuwa cha Saanane Chawandi, kikawa bustani ya wanyama mwaka 1964, na 2013 kikatangazwa hifadhi ya taifa, ndogo ya kilomita za mraba 2.18. Nusu siku inatosha: swala, tumbili, pimbi, ndege, na mawe ya kukalia. Ukibaki na siku nyingine, panda gari la Kisesa uende Bujora, makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement kutoka Quebec. Ukibahatisha Juni kwenye sikukuu ya Bulabo, utakuta makundi ya Bagika na Bagalu yakishindana kwa ngoma, na chumba hotelini ulipaswa kukibuku mwezi mmoja kabla.

Kuogelea ziwani: usiingie. Kichocho kipo. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono walio kwenye maji ya pembezoni, hasa penye majani, na hupenya ngozi bila wewe kuhisi. Mhudumu akikwambia "hapa kwetu hamna", anasema anachoamini. Kama uliingia, nenda ukapime baada ya wiki sita hadi nane. Dawa yake ni ya vidonge na inapatikana. Baraza la hoteli linakupa ziwa lote bila kulowa.

Hatua ya 8: Kuondoka

Omba bili usiku wa kuamkia safari, uipitie kwa utulivu, udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Asubuhi mtandao wa simu huenda usikubali, na boti haitakusubiri. Wanaokwenda Nansio, Ukerewe, au wanaopanda meli ya usiku ya Bukoba wathibitishe ratiba na hoteli siku moja kabla, kwa sababu hubadilika. Wa alfajiri waombe chai ifungwe: chapati mbili na yai la kuchemsha kwenye mfuko hazimshindi mpishi akiambiwa jana yake.

Kisha samaki. Kama una ndugu Dar, Dodoma au Arusha, huruhusiwi kurudi mikono mitupu. Nunua jana yake, wasafishwe palepale sokoni, waombe jikoni wakuwekee kwenye friza usiku kucha. Asubuhi wafungwe magazeti mengi, mfuko wa nailoni, kisha boksi lenye gundi ya kutosha, na uulize shirika lako la ndege au basi lako sharti la kubeba samaki ni lipi. Dagaa wakavu ni rahisi zaidi, ila funga mara mbili, maana harufu yao husafiri kwa tiketi yake.

Andika jina lako juu ya boksi kwa kalamu nene, pande zote mbili. Mimi sikuandika. Nilifika Dar nikafungua mbele ya shemeji zangu, nikakuta kilo nne za michembe, viazi vitamu vikavu, na barua fupi inayoanza "Mama mpendwa".